Uji wa Wazazi

Dada Mwajuma, amahoro.

Ziwa la kwenye picha ya kadi hii naliona kupitia dirisha la hospitali, ila leo limefunikwa na mvua. Nilikuja Rumonge kununua mawese, nikaanza kutoka damu. Kwenye kipimo cha ekografi daktari akaona mimba imejishikiza kwenye kovu la operesheni ya kumzaa Zuena wangu. Wakaitoa kabla haijanipasua kizazi. Naendelea vizuri.

Hapa mgonjwa analishwa na ndugu zake, nami sina mtu. Asubuhi mama mmoja alimletea binti yake uji wa uzazi. Aliponiona nimelala katikati ya wazazi, akanijazia kikombe.

"Hongera, mwanangu. Mutoto iko wapi?"

Nikanywa wote. Nikamwambia amelala.

Nibusie Zuena, hata ukimkuta usingizini.

Mdogo wako, Asha