Ndege Niliyoitukana Mbele ya Mwenyewe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mwanao Kassim kanambia siku hizi unapanda ngazi kwa kushika ukuta, na ukiulizwa unasema ngazi ndiyo iliyozeeka, si wewe. Haya, na tuseme ni ngazi. Mimi mzima, alhamdulillahi, nakula, nalala, na baridi ya huku Afrika Kusini nshaizoea kama mtu anavyomzoea wifi mkorofi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitamka "ndege" tu, wewe ushasema "astaghfirullah" na ushahamia habari nyingine. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, na Kassim akusomee bila ya kuruka mstari.

Mama, tumepata ndege! Ndege yetu wenyewe! Usimkasirikie Kassim kwa kukuficha, nilimwapisha mimi. Miaka miwili sasa sisi watatu, mimi, yeye, na Salim rubani mtoto wa jirani yetu Bi Time, tulikuwa tunachanga pesa na kutafuta. Kassim ana wageni wake wa utalii huko Kiwengwa, kila siku wanamuuliza watafikaje Pemba au Mafia bila ya kupoteza siku nzima njiani. Salim ana leseni ya kurusha. Mimi nina mikono hii ya kutengeneza, uliyoizoea kuiona na grisi hata siku ya Idi. Kilichokosekana ni chombo.

Usidhani ni lile dege kubwa linalokupitia juu ya kichwa ukianika achari darini. Hii ni ndogo, ya watu sita, injini moja ya pistoni, ya kutumia petroli. Lakini ina nguvu, mama! Silinda sita, nguvu za farasi mia tatu, na ikishapaa inakunja magurudumu yake tumboni. Imetumika, naam, ina umri kama wangu. Sasa mimi nimezeeka?

Nilitaka ndege hii kwa jambo moja, nalo nakwambia waziwazi. Hapa kazini wameniwekea mkataba mpya mezani, miaka mitatu mingine ya kufungua na kufunga injini za ndege za watu, na wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nikajiambia, nikiipata ndege siutii saini, narudi Unguja. Nikiikosa, natia. Hapo katikati hapana.

Basi nikasikia kuna mkulima mmoja, Mzee Daan, mtu wa miaka themanini hivi, anauza yake. Macho yamempungukia, madaktari wamemzuia kuruka. Jumamosi nikaenda shambani kwake. Akalifungua banda, na mimi nikaiona. Wallahi, mama, moyo ulinipasuka kwa furaha. Imeoshwa, imefunikwa, propela inang'aa, hata tone la oili chini huoni. Nikataka kupiga kigelegele palepale.

Nikafanya nini? Nikafanya ulivyonifundisha wewe pale sokoni Darajani! Si ndivyo unavyomwendea muuza samaki? Nguru mbichi kabisa, yuko karibu kukukonyeza, wewe unamfunua shavu unasema, "Huyu kafa lini, jana au juzi?" Naye muuzaji anacheka, anasema, "Ah, Bi Salama, wewe tena!" na biashara inaanza. "Mwenye kusifu ndiye mwenye kulipa," ndilo somo lako. Nikakunja uso. Nikaizunguka ndege ile nikiguna. Nikasema rangi imepauka. Nikasema matairi haya ya kusikitikia. Nikachungulia ndani, nikasema, "Na hivi viti, mzee! Nani kavishona, mtu kafumba macho?"

Nikangoja acheke. Hakucheka. Akasema taratibu, "Kavishona mke wangu, mwaka wake wa mwisho." Kisha akasema, "Kama ni mbaya kiasi hicho, dada, usijisumbue." Akavuta mlango wa banda, akautia kufuli, akaenda zake ndani kwake. Nimebaki nimesimama peke yangu na mahindi yake ya shambani.

Ya rabi, nilivyojiona mjinga! Mtu mzima, fundi mwenye miaka kumi na moja kazini, nimeyatupa maisha yangu kwa ulimi. Njia nzima nalia na usukani. Nikampigia Kassim, nikamweleza. Hebu sikia mwanao huyu, akaanza kucheka. "Umemfanyia bei ya Darajani mzungu aliyefiwa?" Nikamkatia simu. Kisha akanitumia ujumbe: "Nenda kamwambie kweli. Na usiende mkono mtupu."

Kesho yake nikarudi. Nilikuwa na chupa moja ya achari yako, ya mwisho, nimeificha tangu mwaka jana nisiimalize. Nikaibeba. Mzee akanifungulia, akasimama mlangoni, hakunikaribisha. Nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba radhi. Kwetu mtu akikitaka kitu sana, anakitia ila, anakitafutia kasoro, ili mwenyewe asijue. Nilikuambia maneno yale kwa kuwa sijapata kuona ndege iliyotunzwa hivi. Viti vile ni vizuri. Mke wako Mungu amrehemu."

Akanitazama weee. Akauliza, "Yaani kwenu ukiipenda ndege unaitukana?"

"Naam."

"Na mume je?"

Nikasema mume nilimtukana kweli, ndiyo maana sinaye. Akacheka, mama! Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akanikaribisha ndani, tukala mkate na achari yako. Kijiko cha kwanza kikamtoa machozi na kikohozi. Akaongeza cha pili.

Kisha akanipa funguo akasema, "Haya, sasa itazame kama fundi, si kama mchuuzi." Nimeifungua siku mbili. Nimetia kamera ndogo ndani ya kila silinda. Nimekata chujio la oili nikalitandaza kwenye karatasi kutafuta vumbi la chuma, safi. Nimesoma daftari zake za matengenezo toka ukurasa wa kwanza, hati ya mkono wake, hakuna mwaka alioruka. Nikakuta kitu kimoja tu: bomba la moshi lina ufa mwembamba, na ufa kama huo ukiachwa unaweza kuleta moto. Moyo wangu ukasema nyamaza, usimuudhi tena. Nikasema hapana, ndege hii itabeba watu, itambeba Salim. Nikaenda kumwonyesha.

Akavaa miwani, akapapasa kwa kidole. Akasema, "Hii ndiyo ila. Zile za juzi zilikuwa matusi." Kesho yake akaagiza bomba jipya, lilipofika mimi nikalifunga mwenyewe, yeye akinishikia taa.

Juzi tumetiliana saini. Alinipa mkono, hakuuachia haraka. Kaniomba kitu kimoja, viti nisivibadilishe. Nimemuahidi. Salim anakuja wiki ijayo, tutaileta kwa kufuata pwani ya Msumbiji, tukishuka kujaza mafuta na kulala. Najua unavyoogopa, lakini kila skrubu nimeikaza kwa mkono wangu. Unaijua mikono yangu. Tuombee dua.

Nisalimie Bi Time, mwambie mwanawe atakula vizuri huku na nitamrudisha mzima. Msalimie mke wa Kassim na watoto, na babangu mdogo wa Amani, naye mwambie ugomvi wa mahari ya dada nshausahau. Kassim mwambie kicheko kile nakiwekea deni.

Limebaki neno moja, mama. Yapata miaka miwili hujaniuliza narudi lini. Mwanzo nilifurahi, nikasema afadhali kaacha kunishinikiza. Halafu nikaanza kuona vibaya. Nikadhani umenichoka. Nilipomuuliza Kassim, akanambia, "Mama hakuchoka. Anaogopa kuuliza, maana kila ukisema inshallah, usiku halali." Sikujua, mama. Nisamehe, sikujua.

Basi nakujibu bila ya kuulizwa. Mkataba nimeurudisha mezani mtupu, sikuutia saini. Kabla ya Ramadhani kuandama, mimi niko nyumbani Malindi, hapo Unguja, kwenye ngazi yako ile, nimekushika mkono unapanda. Siji kwa likizo. Nakuja kukaa.

Mwanao akupendaye,
Zuhura