Nafasi ya Gitaa Lako

S.L.P. 41,
Ruangwa.
24 Agosti 2004

Mpendwa Kaka Emmanuel,

Salamu nyingi kutoka kwetu Narung'ombe. U hali gani huko Mwanza? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini jembe hataki kuliacha.

Sasa kaa chini, kaka. Vimulimuli wamerudi! Bendi yako ile ile, uliyoiacha mwaka 1993 Baba alipokufukuza, akisema hana mtoto wa kiume anayejipaka poda na kuvaa wigi. Wametoa kaseti mpya, inaitwa Hatujazima, na Jumamosi walikuja kuizindua Ruangwa mjini.

Nisikufiche, nilikwenda kwa kuwaonea huruma. Vijana wa siku hizi ni bongo fleva tu, nani tena ana haja na magitaa ya roki? Jofrey, mwimbaji wenu, kapanda jukwaani na wigi lake na midomo myekundu, watu wakaangua kicheko. Shaban mpiga ngoma kanenepa mpaka ile suruali ya kumetameta imeongezewa kitambaa pembeni. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha wakapiga. Kaka, mwili ulinisisimka! Waliokuwa wakicheka wakaanza kusogea karibu na jukwaa.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wenu wa zamani, wa reli iliyong'olewa. Studio huko Dar walitaka kuijaza nafasi ya gitaa lako kwa kinanda, Jofrey akakataa katakata. Hata kwenye kaseti, zamu yako ikifika utasikia ngoma za Shaban tu.

Basi Jumamosi zamu yako ilipofika, ngoma zikabaki zenyewe, na watu wazima wakaanza kulipiga gitaa lako kwa midomo. Uwanja mzima! Hata vijana wakafuata. Sijapata kuona jambo kama lile.

Nyuma yangu kulikuwa na sauti moja inayowaongoza wengine. Nikageuka. Alikuwa Baba! Asubuhi alituaga kwamba anakwenda kununua salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Kashikilia baiskeli, mfuko wa salfa nyuma, macho kayafumba, anapiga gitaa lako kwa mdomo. Kumbe miaka yote ile ulipofanya mazoezi nyuma ya nyumba, naye akikugombeza, alikuwa anasikiliza. Nililia pale pale.

Kaseti nimempa Mwalimu Felisian anayesafiri kuja huko Mwanza, atakufikishia pamoja na barua hii. Krismasi watapiga Nachingwea, na Jofrey anasema nafasi yako haiguswi na mtu.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi Domitila, na mwanangu Justa ambaye hujamwona bado.

Baba hakutuma salamu. Ametuma swali: pale mwishoni, gitaa lilikuwa linapanda mara tatu au mara nne? Yeye anashikilia tatu, Shaban anasema nne, na baada ya onyesho walibishana mpaka jua likazama. Anasema jibu usiliandike. Ulilete mwenyewe, pamoja na gitaa.

Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako anayekupenda,
Prisca