Pamba Iliyopewa Jina Lako

Mayu wangu Minza, mama yangu,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini ulinifunza kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu, hata awe amekosea kiasi gani. Nami nimekukosea. Barua hii nimeiacha wazi makusudi, aisome yeyote wa kijiji chetu cha Nkoma, maana kosa nililifanya kwa siri na aibu ukaibeba wewe mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunachambua pamba uani? Ulitandika ile ngozi ya ng'ombe, ukaketi umenyoosha miguu. Nyeupe mkono wa kulia. Fifi, ile yenye madoa na majani, mkono wa kushoto. Nikichanganya, unanichapa kidogo vidole. "Limi, ng'wanone, macho yako yako wapi?" Wakati ule chama cha msingi cha ushirika kilikuwa na mkaguzi, na kila daraja lilikuwa na bei yake. Gunia lako hakuna aliyelifungua. Wakisikia ni la Minza, linakwenda moja kwa moja kwenye mizani. Nilikuwa naringa kwa hilo mpaka shuleni.

Halafu redio ikatangaza soko huria. Ghala la chama likatiwa kufuli, mkaguzi akarudi kwao, na dawa za wadudu tulizozoea kuzipata pale zikawa za kutafuta kwa wachuuzi. Yakaja malori ya wanunuzi binafsi, kila moja likitaka kujaa kabla ya jingine. Nyeupe na fifi wakanunua kwa bei moja. Mizani yao kila mtu aliinung'unikia kwamba inapunja. Majirani wakaanza kunyunyizia pamba maji na kutia mchanga ili kufidia, wakawa wanasimuliana kama ushujaa.

Wewe ukaendelea kuchambua. Ilinikera, mayu, leo naweza kusema. Mgongo unakuuma, vidole vimepasuka, nawe umekaa pale unatenga madaraja ambayo hayapo tena. "Siku hizi hawaangalii," nilikwambia. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mimi naangalia."

Siku uliyokwenda mashine kusaga mahindi, nilichota mchanga wa mtoni ndoo mbili. Nikafumua magunia uliyokwisha kuyashona, nikanyunyiza maji, nikatia mchanga, nikashindilia kwa miguu. Nikayashona tena kwa mshono wako, ule wa kurudi nyuma ulionifunza mwenyewe. Nilijiona mjanja kweli kweli. Njaa haikunituma. Nilitaka tu kukuonyesha kwamba dunia imebadilika na wewe umeachwa.

Sikujua kwamba pamba mbichi ikishindiliwa inachemka. Siku ya tatu, kwenye kituo cha kununulia pamba, karani wa kampuni aliegemea gunia lako, akaruka. "Mama, pamba yako ina homa?" Watu wakacheka. Akalichana, akalimwaga chini mbele ya foleni nzima. Mchanga ukatoka, na pamba imekuwa ya njano, inanuka.

Ukautazama ule mchanga, ukautazama na mshono. Kisha ukanitazama mimi, nimeshika kamba ya ng'ombe wa mkokoteni.

"Ni mimi," ukamwambia karani. "Nilitaka uzito."

Tulipokaribia nyumbani ndipo ukasema, "Watu wa Mwamanyili wanakuja kuulizia jina lako mwezi huu. Langu halina anayeliulizia tena." Basi. Hukulitaja tena mpaka tulipokuzika. Nikaolewa Mwamanyili kwa sifa ya binti mwaminifu. Wewe kila msimu ukawa wa kwanza kuitwa kukaguliwa, mkono wa karani umezama gunini mpaka kwapani. Na bado ulikuwa unachambua.

Siku hizi nakaa Bariadi, bado nalima. Bei ikishuka tunaambiwa ni soko la dunia. Ikishuka zaidi tunaambiwa ni sisi wakulima, pamba yetu imeharibu jina huko inakokwenda. Wakubwa waliofungua soko na kuondoa wakaguzi wana lao la kujibu, na wenye mizani pia, sitawabebea. Lakini kila nikisikia maneno hayo naziona zile ndoo zangu mbili.

Wiki iliyopita mpima pamba wa kituoni kwetu aliingiza mkono kwenye gunia la mtu, akautoa na mchanga. "Hii ni Minza," akasema. Ndivyo wanavyoiita huku, mayu, pamba iliyochafuliwa. Hajui hata kwamba Minza alikuwa mtu. Foleni ikacheka, na mimi nikacheka nao.

Jumamosi wananunua Nkoma, palepale gunia lako lilipomwagwa. Nitakwenda na pamba niliyoichambua kwa mikono yangu, nyeupe peke yake, ingawa hakuna anayeuliza. Kabla haijapimwa nitawasomea barua hii. Wakwe zangu nimewaita waje wasikie. Naogopa, sikufichi. Lakini wakiuliza ni nani aliyetia ule mchanga, nitawajibu kwa maneno yako yaleyale, safari hii yakiwa kweli.

Ni mimi.

Mwanao,
Limi