Hadithi Uliyotunga Wewe, Nikaitia Jina Langu

Atupele, rafiki yangu,

Wiki iliyopita tulikuzika Mbalizi, na tangu siku hiyo siwezi kulitaja jina lako bila kuinamisha kichwa. Hapa nyumbani wanadhani ni majonzi. Ni aibu.

Tulikuwa kidato cha pili Iringa, miaka ile ya sabini. Jumapili moja alasiri mwalimu alitupeleka mjini kutazama sinema ya Kihindi ya marafiki wawili. Mmoja alipigwa risasi akimkinga mwenzake, akafia mikononi mwake huku wakiimba. Ukumbi mzima ulilia, nami nikaloanisha kola ya sare. Wewe hukulia. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi shuleni ulisema, "Kufa ni rahisi, mwenzangu. Urafiki mgumu ni wa watu waliokoseana na bado wanaishi jirani."

Ndipo ukaanza kuandika hadithi yako kwenye daftari la hesabu. Wanawake wawili wanachota maji chemchemi moja. Mmoja anamsingizia mwenzake uchawi, mwenzake anafukuzwa kijijini. Miaka inapita, yule mwongo anamfuata na kumrudisha, na asubuhi wanakwenda tena kuchota maji bila kusemeshana. Ulinisomea kila sura tukiwa zamu ya jikoni, tunamenya viazi. Kazi yangu ilikuwa kukusahihishia r na l tu.

Halafu mama yako akapooza, nawe ukiwa kifungua mimba ukaitwa nyumbani kulea wadogo zako. Siku ya kuondoka ulinikabidhi daftari. "Nitunzie. Nikirudi nitainakili vizuri."

Hukurudi. Redio ikatangaza shindano la hadithi. Nilijiambia naituma kwa niaba yetu wote wawili, lakini nilipofika mahali pa jina niliandika moja, langu. Mwisho ulioandika wewe pia niliubadilisha. Nilimuua yule aliyesingiziwa kabla mwenzake hajamfikia, kwa sababu nilikumbuka jinsi ule ukumbi ulivyolia.

Hadithi ikashinda, ikasomwa redioni. Mkuu wa shule akanisimamisha mbele ya wanafunzi wote wakanipigia makofi, kisha akanipendekeza chuo cha ualimu. Ualimu wangu wote umetoka kwenye daftari lako.

Likizo iliyofuata mama alinichukua kwenda kununua viazi soko la Mbalizi, na muuzaji ukawa wewe, mdogo wako mgongoni. Mama, asiyejua lolote, akakwambia kwa furaha, "Mwenzako amesikika redioni!"

"Nimemsikia, mama. Tulikaa nyumba nzima kumsikiliza. Hongera yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alipogeukia kwa muuza vitunguu, uliniinamia ukasema polepole, "Mbona ulimuua? Mimi nilimrudisha nyumbani."

Hukuuliza habari ya jina. Ungenitukana ningepata la kujibu. Badala yake uliongeza viazi viwili vikubwa juu ya debe letu, ukamfunga mtoto vizuri mgongoni, ukamhudumia mteja mwingine.

Msibani, binti yako Bupe alinishika mkono akaniketisha karibu naye. Akawaambia wadogo zake, "Huyu ndiye yule mwandishi. Mama alikuwa akijivunia sana kwamba alisoma naye." Kumbe miaka yote hiyo ulinisitiri, hata kwa wanao.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Bupe, mimi si mwandishi. Ile hadithi aliitunga mama yako. Niliiba."

 Akauliza, bila hasira, "Mbona hukumwambia yeye, shangazi, alipokuwa hai?"

 Jibu lenyewe nakupa wewe. Nilipangiwa kufundisha Vwawa, na kila likizo, kwenda na kurudi Mbeya, basi letu lilisimama pale sokoni Mbalizi. Mara nyingi nilikuona kupitia dirisha la basi. Nilikuwa nafunika uso kwa khanga na kujifanya nimelala mpaka dereva aondoe gari.

Lala salama, Atupele. Msamaha sikuombi, maana hapo ulipo huwezi tena kuninyima.

Mimi, niliyekuwa mwenzako.