Yaki Aliyekatika Uzi

Makazi Mapya, Golok
14 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Lungrik,

Hujambo? Safari hii siulizi kwa mazoea. Nauliza kweli: unakula, unalala, unapumua vizuri? Simu yako haipatikani tangu wiki iliyopita, ndiyo maana nimeshika kalamu. Sisi hatujambo, ila mama.

Nyumba ya saruji tumeizoea kiasi. Haivuji, taa zinawaka, na shemeji yako Gyurme anashinda na simu kama kijana. Mifugo tuliuza yote kwa mchuuzi kabla ya kuhama. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Unamkumbuka yule yaki mweusi, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, tuliyemwachia huru ulipougua utotoni, lama wa hekaluni akasema uhai wako utatembea naye? Kila mwaka mpya mama alimfunga uzi mwekundu sikioni, asiuzwe wala asichinjwe. Mwaka huu mama alikuwa hospitali, uzi ukakatika, na Gyurme akamswaga pamoja na wengine.

"Weusi wote ni weusi, mke wangu! Ningemjuaje, ana kitambulisho?"

Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Tulimkimbilia mchuuzi, tukakuta ameshamchinja.

Tangu hapo, kila alfajiri kuna kitu kinapumua mlangoni. Nje, kwenye theluji, kuna alama za kwato zinazokuja. Za kurudi hakuna. Gyurme anasema ni ng'ombe wa jirani, ingawa hapa hakuna anayefuga tena, na siku hizi halali kabla ya kusukuma sanduku mlangoni.

Jana mama alituwahi kuamka, akalisogeza sanduku na kufungua. Nilimkuta kando ya jiko, amemimina chai ya siagi katika bakuli lako. Kwato zilifika mpaka kizingitini. Ndani, kwenye saruji, kulikuwa na nyayo mbichi za mtu asiye na viatu. Naogopa, Lungrik.

"Usipige kelele, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Amechoka, katembea sana."

Nimekuwekea humu uzi mwekundu. Ufunge mkononi leo hii, kisha unijibu, hata neno moja, kwa mwandiko wako.

Gyurme anakusalimu, anaomba umsamehe. Shangazi Palkyi anakusalimu pia. Mama nilimwuliza niandike salamu gani, akasema hakuna haja, mmeshasalimiana.

Milima yetu ikulinde popote ulipo.

Wako akupendaye, anayesubiri,
Dada yako Yangdzom