Radhi ya Tausi

Baba,

Assalamu alaykum, wewe na majirani zako wa huko ulikolazwa. Mama anakusalimu. Bado yumo edani, hatoki nje ya ua, na kazi yake kubwa siku hizi ni kukaa dirishani na kunichunga nisije nikamuua punda wako.

Simlaumu. Siku ya tatu ya matanga alinikuta nyuma ya jiko nanoa kisu, nikamwambia ni cha kumenyea muhogo. Muhogo gani, na matanga yote tulikula wali? Akaninyang'anya kisu akakiweka chini ya godoro lake, na mpaka leo nikitaka kukata kitunguu naomba ruhusa.

Najua unataka habari za Tausi. Tutafika. Ulipokuwa hai, ukisikia tu analia bandani ulikuwa unaniacha na maneno mdomoni, ukaondoka. Leo huondoki. Kaa unisikilize.

Nilimchukia, Baba. Lile teke lake lilikupata chini ya kitovu, ukakaa juu ya mawe ukasema, "Hata, si kitu." Siku tatu ukawa unasema si kitu. Ya nne hukusema neno.

Na kabla hujanyamaza ukanipa ule wasia. Wenzangu wameachiwa wasia wa mikarafuu. Mimi uliniita, nikainama, ukasema, "Mwanaidi, mtunze Tausi mpaka azae. Na uniombee radhi kwake. Mie n'lempiga na mimba yake." Nilidhani ni homa inasema. Nikakuuliza, radhi kwa nani? Ukarudia kwa ukali ule wako: "Kwa Tausi. Yule ana haki yake, na huko n'endako n'taulizwa."

Ulipolazwa ukumbini tayari kutolewa, Ami Hamadi alisimama mlangoni akatuambia sisi wa nyumbani tukupe radhi zetu. Mama akasema amekuwia radhi dunia na akhera. Zamu yangu ilipofika nikajifunika uso kwa upindo wa kanga nikanyamaza. Wakasema mwacheni, kilio kimemzidi. Hakikuwa kilio. Nilikuwa na hasira na wewe, na sababu yake nitakupa mwisho. Huko makaburini nasikia wanaume wote wa Kiuyu waliulizwa, na wote wakasema wamesamehe, hata yule mliyegombania naye mpaka wa shamba miaka na miaka. Tukabaki wawili ambao hatukusema kitu, mimi na punda aliyefungwa nje ya ua.

Basi nikapanga kisasi. Nikasema wasia huu una vipande viwili. Cha kumtunza nitakitimiza. Cha kumwomba radhi, ng'o! Atatunzwa mpaka azae, na akishazaa nitamnyang'anya mtoto siku ile ile, kabla hajamaliza kumlamba, naye aonje kunyang'anywa. Nikatuma salamu kwa Mzee Faki, yule wa Konde anayelea kwa chupa ndama waliofiwa na mama zao. Nikamwambia mtoto wa Tausi ni wake, bure, aje na kamba tu. Sikutaka mtu aje kusema nilimuuza kwa njaa. Nilitaka iwe adhabu tupu.

Mama aliposikia akaniambia anayemtenga mama na mwanawe hamalizi salama. Nikamjibu kwamba aliyemtenga mtoto na babake mbona yuko bandani anakula majani. Akafunga dirisha.

Na majani alikula, Baba. Sijaona punda aliyelishwa kwa chuki akanawiri kama huyu. Nilimkatia mwenyewe kila asubuhi. Maji nilimtekea kisima cha msikitini, si haya yetu ya chumvi. Nilimtoa kupe masikioni mmoja mmoja, na kila kupe na tusi lake. Wapita njia, watu wa magari ya ng'ombe waliokuwa wakikucheka kwa kufuga punda, walikuwa wakinitania: "Mwanaidi, shukrani ya punda mateke, nawe hujakoma tu?" Nikiwajibu nangoja siku yake. Wakidhani nangoja kwa raha.

Yeye alijua. Punda si mjinga kama anavyosingiziwa. Nikiingia bandani, masikio yanalala nyuma na mguu mmoja unanyanyuka kidogo. Harushi, ananionyesha tu kwamba upo. Tulikaa hivyo wiki baada ya wiki, mimi namlisha na yeye ananitisha.

Kisha kiwele kikajaa. Misuli ya pande mbili za mkia ikalegea, ukibonyeza kidole kinazama, kama ulivyonifunza. Chuchu zikatoa ute ulioganda kama nta. Nikamtumia Mzee Faki salamu ya pili, aje Ijumaa baada ya sala, huenda ikawa tayari.

Ulikuwa ukisema punda huzaa usiku kwa kuona haya. Wako hana haya. Alianza Ijumaa ile ile mchana kweupe, adhana imekwisha na hakuna mwanamume hata mmoja aliyebaki mtaani. Akalala, akasimama, akazunguka, akalala tena. Chupa ya maji ikapasuka. Ikatoka kwato moja. Nikangoja ya pili, maana ulinifundisha kwamba mtoto mwema huja kama mtu anayepiga mbizi, mikono mbele na kichwa katikati. Ikaja pua. Kwato ya pili haikuja. Mguu ulikuwa umekunjika ndani, na kila Tausi akisukuma, mtoto anakwama zaidi.

Dawa yake naijua, umenifunza wewe kwa mbuzi na ng'ombe za watu tangu sijaota meno ya ukubwani. Inataka usimame nyuma yake, pale pale uliposimama wewe.

Sitakuficha. Nilikaa juu ya ndoo nikakunja mikono. Shetani akaniambia, mwache. Hujamgusa, hujamdhuru, wasia umeutimiza, umemtunza mpaka siku ya kuzaa. Afe na mtoto wake ndani, Mzee Faki arudi Konde na kamba yake. Na mimi nikamsikiliza shetani, Baba. Nilimtazama Tausi anatetemeka, jasho linamtoka shingoni, nami nimekaa.

Ndipo Mama akapiga ukelele dirishani: "Mwanaidi! Kama weye huwezi kumwombea babaako radhi, n'takuja mie, na eda yangu na iharibike!" Mama unamjua. Angekuja.

Nikasimama. Nikamwambia yule punda, Baba anakuomba radhi. Nilisema kama mtu anayetukana. Hakugeuza hata sikio. Na kwa nini ageuze, ilhali siku ile ya teke alikuwepo na alisikia yote?

Alisikia nilivyokujia asubuhi na kikombe chako cha chai. Tangu nilipoachwa nikarudi kwako na godoro langu, nilikuwa nalala ukumbini, wageni wakibisha hodi nalikunja. Nilitaka chumba changu pembeni, mlango wangu na komeo langu. Kokoto nilikwishaponda mwenyewe. Mawe yalikuwa chimboni yanangoja, na kila siku nakuuliza lini, nawe unanijibu, "Mwache azae kwanza, mawe hayaozi." Asubuhi ile nikakwambia, mbele ya Mama, huyo punda unamhurumia kuliko mwanao. Uliweka chini kikombe, ukaliangua shogi lako la mizigo, lile ulilokuwa umelitundika tangu mimba yake ilipoonekana, ukamvisha, mkaondoka. Safari ya kwanza mlifika. Safari ya pili akagoma kwenye mwinuko. Nawe ambaye hukuwahi kumpiga, ukakata fimbo ya mpera.

Nikamwambia na hilo. Tausi, yale mawe yalikuwa yangu. Fimbo ile mimi ndiye niliyeitia mkononi mwa Baba. Niwie radhi na mimi. Nikaweka kiganja changu juu ya nyonga yake.

Akanipiga teke.

Paja la kushoto. Nikaenda kuangukia ndoo, ndoo ikaenda kivyake. Mama huko dirishani akaanza kuita Mungu na watu. Na mimi nikacheka. Tangu ufe sikuwa nimecheka, siku ile nilicheka nimekaa kwenye mavi ya punda na machozi yananitoka. Maana kila anayekuja kuhani msiba ananiambia, "Pole, Mwanaidi, kadari ya Mungu, weye huna kosa." Tausi peke yake ndiye aliyeniambia ninalo. Nikainuka nikijishika ukuta, nikamwambia haya, umenilipa, sasa nipishe nifanye kazi.

Uchungu ukamlaza. Nikapiga magoti nyuma yake, nikapaka mkono mafuta ya nazi. Alipopumzika kusukuma nikamrudisha mtoto ndani taratibu, nikapapasa mpaka nikalipata goti, nikashuka nalo hadi kwato, nikaifunika kwa kiganja isimchane, nikaivuta mbele. Vidole vyangu vilikuwa vikifanya kama vyako, na mimi nikivitazama tu. Aliposukuma mara mbili, mtoto akatoka mwili mzima. Jike. Pua nyeupe, mstari mweusi mgongoni, masikio marefu yamelowa yamemwangukia usoni. Mama akauliza, "Kakohoa?" Nikasema kapiga chafya.

Mzee Faki alifika na kofia yake ya Ijumaa na kamba begani. Mtoto alikuwa amekwishasimama, anatafuta chuchu kwenye goti la mamake. Sasa nifanyeje? Nimeahidi, tena kwa mdomo wangu, na yeye ni mtu mzima katembea toka Konde. Nikamwambia mtoto ni wako, Mzee, sikatai. Yule pale. Ingia umchukue, mimi mguu unaniuma.

Tausi akamgeuzia mgongo. Mzee Faki akanitazama ninavyochechemea, akautazama mguu wa nyuma ulionyanyuka kidogo, akaizungusha kamba yake mkononi. Akasema, "Naona bado mapema. N'takuja siku nyengine." Hajaja. Akija, jibu langu ni lile lile, na Tausi naye ana lake.

Mawe yalikuwa bado kwenye mwinuko, pale ulipoyamwaga. Nimeyabeba kichwani moja moja, na paja langu hili. Nilitaka kuyatupa baharini, Mama akasema jiwe halina kosa. Basi nitayajengea banda jipya la Tausi na binti yake. Mimi nitaendelea kulala ukumbini, na wageni wakija nitakunja godoro. Kisasi nilichokiandaa kimempata mwenyewe.

Sasa wewe. Hasira yangu na wewe ni moja. Kwa nini ulinikubalia? Maisha yako yote ulijua kuniambia hapana. Ulininyima baiskeli. Ulininyima kwenda kukaa Unguja kwa shangazi, nikalia wiki nzima na hukutikisika. Siku hiyo moja, niliposema neno baya kuliko yote niliyowahi kukwambia, ndiyo ukatii? Ungeniambia nyamaza. Ungenitupia kile kikombe. Nilipofunika uso ukumbini, nilikuwa nakuzuilia radhi yangu kusudi, ili ikuume huko kama inavyoniuma hapa. Nimeizuia mpaka leo. Mama hajui, anadhani ninachokificha ni kisu kingine.

Leo asubuhi nimeingia bandani. Mtoto anaruka ruka anaanguka. Masikio ya Tausi yamelala nyuma kama kawaida. Hajanisamehe, au kanisamehe na hataki nijue. Nikajiona mimi mwenyewe pale. Nikaja kukaa niandike.

Nakuahidi, Baba, Tausi habebi tena jiwe akiwa na mimba, si langu wala la mtu. Atakayempandishia fimbo atanikuta mimi mbele yake, na mimi sisemi si kitu. Binti yake hatoki hapa mpaka amwache mama kwa hiari yake.

Na lile neno nililolifunga kwenye upindo wa kanga, lichukue. Nimekuwia radhi, dunia na akhera. Ukiulizwa kuhusu Tausi, sema mwanangu kaniombea. Ukiulizwa kuhusu mawe, usinisitiri. Sema yalikuwa ya Mwanaidi.

Mwanao,
Mwanaidi