Kamera ya Umi Isiyolia

Romana, kazi ya Umi ya kupiga picha imekufa leo hapa Milola, mbele ya macho yangu.

Unakumbuka alivyohangaika kuchagua kati ya zile kamera mbili? Akachukua isiyotoa mlio, ili asisumbue watu. Ya zamani akaiuza, iko Dar.

Sasa leo harusini, chumba cha wanawake. Wamevua mitandio, bibi harusi anapakwa hina, Umi anapiga picha. Bi Somoe, shangazi wa bibi harusi, akamuuliza: "We Umi, mbona hupigi?"

"Napiga, shangazi. Hii hailii."

Hailii! Chumba kizima kikajifunika.

"Ile ya zamani ikilia tunajua tumepigwa," akasema Bi Somoe. "Hii mtu utajuaje?"

Umi akaingia kwenye mipangilio, akawasha mlio. Akapiga picha moja ili shangazi ausikie, huku anatabasamu. Kwake yalikuwa yamekwisha.

"Kumbe unaweza kuuwasha na kuuzima?"

"Ndiyo, shangazi."

Ndiyo, shangazi! Amejibu hivyo hivyo, Romana.

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi, mwanangu. Kapige huko kwa wanaume."

Kwa wanaume kuna mpiga picha wao. Umi huitwa kwa sababu chumba cha wanawake humwamini yeye tu, na wote waliokuwamo ndio wateja wake.

Tuko nje sasa. Analia, ananiuliza Bi Somoe amekosea wapi.

Nimetafuta kasoro kwenye hoja ya yule mama. Sijaiona.